Porti Aliyoifunga Fundi

Ukitaka kumjua mtu, mpange foleni. Asubuhi ile, ukumbi wa huduma kwa wateja wa kampuni moja ya mtandao ulikuwa umefurika watu waliosimama mpaka miguu ikawafa ganzi. Wengine walikuwa na vifaa vyao kwenye mifuko ya plastiki, wengine na watoto mgongoni, na wote walikuwa na hasira. Skrini ya kuitia namba ilikuwa imezima. Mwanamume mrefu mwenye shati la bluu la mafundi alikuwa juu ya ngazi akiihangaikia, bisibisi ameing'ata mdomoni.

Chini yake, kwenye dirisha la kwanza, mwanamke mmoja alikuwa anaongea polepole. Alikuwa ameamua kwamba leo hagombani na mtu.

"Dada, mtandao wako unafanya kazi au haufanyi?" mhudumu alimuuliza.

"Unafanya."

"Video zinacheza?"

"Zinacheza."

"Sasa shida iko wapi, dada yangu?"

"Mimi natoka nje vizuri. Walio nje ndio hawaingii."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mhudumu akamwambia aende akazime ruta, asubiri kidogo, halafu aiwashe. Ndilo jibu alilopewa mara ya kwanza, na mara ya pili pia.

Yule wa juu ya ngazi akatoa bisibisi mdomoni. "Unashea mafaili na mtu wa mbali," akasema. "Moja kwa moja, kompyuta kwa kompyuta. Na yeye anakwambia upande wako umefungwa."

Mwanamke akainua uso. "Wewe umejuaje?"

"Umesema vizuri. Wengi huja hapa wakasema tu kwamba mtandao mbovu." Akashuka ngazi. "Hiyo haitatulika dirishani. Inabidi mtu aje nyumbani."

Alimtazama kwa karibu. Alikuwa amevaa blauzi nyeusi tupu, hana bangili, hana pete, kucha zimekatwa fupi na hazina rangi. Fundi akadhani ni mfiwa. Baadaye alijua kwamba yalikuwa mavazi ya kazi. Mwanamke huyu alikuwa mkalimani wa lugha ya alama, anayewakalimania viziwi, na kiziwi anayesoma mikono yako hatakiwi kuhangaishwa na mapambo. Hata hivyo Fundi hakukosea sana, maana mama yake alikuwa amefariki.

Jumamosi Fundi alikwenda nyumbani kwake. Mkalimani alikuwa anapanga chumba na sebule ghorofa ya juu. Kwenye meza ya sebuleni ilikuwepo kompyuta kubwa ya kizamani iliyovuma mpaka ukaihurumia.

"Ya mama," Mkalimani akasema. "Alikuwa kiziwi, na baba ni kiziwi. Mama alifundisha watoto viziwi maisha yake yote, akawa anajirekodi humu, hadithi na masomo. Wewe mama yako akifariki unaweza kubaki na sauti yake kwenye simu. Mimi sauti yake ni hizi video."

"Na anayezihitaji ni nani?"

"Baba. Anaishi kwa kaka yangu, mbali, safari ya mabasi mawili. Ana presha ya macho. Daktari amesema kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki hakitakaa. Anataka amwone mama akiongea kabla macho hayajazima."

Hakulia alipolisema. Alikuwa amelisema mara nyingi kwa watu wa madirishani.

Fundi akauliza maswali ambayo fundi yeyote angeuliza. Kwa nini wasitume kwa simu? Kwa sababu simu inazibana video, vidole vinakuwa ukungu, na vidole ndiyo maneno yenyewe. Kwa nini wasitume flashi? Walituma kwa basi. Bahasha ilifika, flashi haikufika. Kwa nini asiende mwenyewe? Kwa sababu chuoni alikuwa anamkalimania mwanafunzi mmoja kiziwi, na akiondoka kabla ya muhula kuisha, yule binti angebaki anatazama midomo ya walimu mpaka mitihani. Kwa hiyo kaka alisema watumie njia hii ya kugawana mafaili. Umeme ukikatika huku au kule, ukirudi inaendelea ilipoishia.

"Ni njia nzuri," Fundi akasema. "Ila ruta ni bawabu. Ukiomba kitu wewe, anajua jibu linakuja, analipitisha. Asiyeitwa anamrudisha. Kaka yako anafika hapa hakuitwa."

"Kaka yangu siku zote anafika hakuitwa."

"Basi tumwambie bawabu: mtu akija kwenye porti hii, yaani mlango huu wenye namba yake, mpeleke moja kwa moja kwenye kompyuta ya mama."

Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akafungua mipangilio ya ruta, akaandika namba ya porti. Akajaribu. Imefungwa. Akaangalia ulinzi wa ndani ya kompyuta, akauruhusu. Imefungwa. Akagundua kwamba kila umeme ukirudi kompyuta inapewa anwani nyingine ndani ya nyumba, akaipa moja ya kudumu. Imefungwa. Jasho likamtoka kidogo, maana kulikuwa na mtu wa kumwonyesha kwamba anajua.

"Nikuletee chai au nikuletee fundi mwingine?" Mkalimani akauliza.

"Lete chai. Mwingine hayupo."

Mwishowe akauacha uso wa kompyuta, akaufuata waya kwa kidole: ukutani, dirishani, nje, chini. Wakashuka naye. Chini ya ngazi, kwa mama mwenye nyumba, kulikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua.

"Naikinga na vumbi," mama mwenye nyumba akasema.

"Mama, hii ndiyo ruta ya jengo zima?"

"Ndiyo. Ya huyu binti imechomekwa kwangu."

Fundi akafunga macho kidogo. Ruta mbili, moja nyuma ya nyingine. Saa zote zile alikuwa anamfundisha bawabu wa ndani, na wa getini hana habari. Kifaa cha chini kilikuwa cha kampuni yao, chenye kuongozwa hata kutoka ofisini. Akaweka porti ileile pale, ielekee juu. Walipopanda, simu ya Mkalimani ilikuwa inaita, kaka amepiga kwa video.

"Inashuka," kaka akasema. "Mdogo wangu, inashuka."

Akageuza simu. Mzee mwembamba alikuwa amekaa karibu kabisa na skrini, kichwa amekipinda upande kutafuta pale ambapo jicho bado linaona. Video zilikuwa zinakuja vipandevipande bila mpangilio, kwa hiyo hakuna cha kutazama mpaka vipande vyote vitimie. Alichokuwa anakitazama ni ule mstari wa kijani unaoonyesha kiasi kilichofika. Akainua mikono akauliza jambo.

"Anasemaje?" Fundi akauliza.

"Anauliza huyo aliyefungua ana mke."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia hayo hayahusu mtandao."

Lakini yalimhusu yeye, na Jumamosi iliyofuata Fundi alirudi kukagua kitu ambacho hakikuhitaji kukaguliwa. Mstari ulikuwa unatambaa. Kompyuta ilikuwa kuukuu, umeme unakatika, na video zilikuwa nyingi na nzito. Akawa anakuja kila alipopata nafasi, na Mkalimani akawa anaweka vikombe viwili kabla hajabisha.

"Nifundishe," alimwambia siku moja. "Baba yako akinisema nijue."

"Lete mikono."

Akamshika vidole, kimoja kimoja, akavipanga. Alivishika muda mrefu kuliko somo lilivyotaka. Fundi aliliona hilo akanyamaza, maana kuna mambo ukiyasema yanakimbia.

"Unaongea kama mtu aliyevaa glavu," Mkalimani akasema.

"Na wewe unafundisha kama polisi."

Kwa simu ndiyo usiseme. "Uko wapi, mpenzi?" "Juu ya nguzo." "Unaona nini?" "Naona nguo zako hazijaanuliwa na mvua inakuja." "Muongo wewe." "Ile khanga nyekundu inakaribia kuruka." Akakimbilia dirishani, akamkuta amesimama chini ya jengo na mfuko wa machungwa. Alipenda kupendwa hivyo. Miezi mingi kabla yake watu walimpenda kwa sababu aliwasemea wengine. Huyu alimpenda hata akiwa amenyamaza.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo palipoharibika.

Kampuni ilipata taarifa kwamba wateja fulani wameingiliwa kupitia porti zilizoachwa wazi. Mafundi wakaambiwa wakague. Fundi akafungua kifaa cha jengo la Mkalimani akiwa ofisini, akitegemea kumwona mgeni mmoja, yaani kaka. Akakuta kumi na zaidi. Anwani asizozijua, nyingi za miji ya mbali, zilikuwa zinaingia kwenye kompyuta ya mama na kuchota. Akapiga simu. Mkalimani alikuwa darasani, simu imezimwa. Mkuu wa kazi alikuwa anamwita mlangoni. Mnara umeanguka mbali, gari linasubiri. Akaifunga ile porti, akaondoka.

Atasema aliifunga kumlinda, na ni kweli. Lakini si kweli yote. Alipoziona anwani zile kitu kilimchoma: kumbe ana watu wote hawa, na mimi sijui hata mmoja. Kidole kilichobonyeza kilikuwa na wivu ndani yake. Kisha akajiambia atamweleza akirudi, atamshukuru. Kule mnarani hakukuwa na mtandao, na kazi ikachukua siku nyingi kuliko alivyoambiwa.

Alirudi mchana, moja kwa moja mpaka chuoni, vumbi mpaka kwenye kope. Mkalimani alikuwa kwenye baraza nje ya darasa, na ile blauzi yake nyeusi.

"Nimekupigia," akasema.

"Kule hakuna mtandao, mpenzi. Fundi wa mtandao asiye na mtandao, ndiyo maisha yetu."

Hakutabasamu. "Kaka anasema mstari umesimama karibu na mwisho. Upande wangu umefungwa. Nimezima, nimewasha, nimeshuka kwa mama mwenye nyumba nikazima na yake. Nimekwenda mpaka ofisini kwenu. Wananiambia mtandao wangu ni mzima."

"Ah. Ile niliifunga mimi." Alilisema kwa wepesi, hata kwa majivuno kidogo. "Kulikuwa na watu wanaingia kwako. Wengi. Ningewaacha wangekuibia kila kitu."

"Wewe ndiye uliyefunga."

"Nilikuwa nakulinda."

"Wale ni wanafunzi wa mama. Viziwi. Niliwaalika mimi, wakaomba hadithi zake, nikawapa." Sauti yake ilikuwa imetulia, na Fundi akaanza kuogopa. "Ulinitumia hata ujumbe?"

"Simu yako ilikuwa imezimwa."

"Ujumbe unasubiri."

"Naifungua sasa hivi. Nipe dakika..."

"Leo asubuhi baba ameamka akamuuliza kaka mbona hajafungua mapazia. Kaka alikuwa ameshayafungua."

Fundi alitaka kusema kitu, na kila neno alilolifikiria lilikuwa linaanza na "mimi".

"Ifungue," Mkalimani akasema. "Wale wengine bado wana macho."

"Na mimi?"

"Wewe umeingia kwenye nyumba yangu ukanifungia, na hukubisha hata hodi. Nenda."

Kengele ililia. Akarudi darasani, akasimama mbele, mikono yake ikaendelea kusema maneno ya mwalimu kuhusu mambo ya hesabu. Yule binti kiziwi aliyekuwa anamsoma alimwona macho yake, akamuuliza kwa mkono mmoja, chini ya meza, kama kuna msiba. Akamjibu asome kwanza, wataongea.

Muhula ulipoisha alibeba begi akaenda kwa baba yake. Fundi alipiga simu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe, ukasomwa, ukanyamaziwa. Alikonda. Wenzake walimtania kwamba mapenzi yamemkata chaji.

Mmoja wa wale aliowaita wezi alikuwa kinyozi wa mtaa wa pili, na siku moja alikuja mwenyewe kwenye ukumbi wa wateja na malalamiko ameyaandika kwenye simu: hadithi za mwalimu wangu zilisimama siku nyingi, nani alizizima? Mhudumu akamwita Fundi. Fundi angeweza kuandika kwamba ilikuwa hitilafu. Akaandika: Ni mimi. Nilidhani wewe ni mwizi. Nisamehe. Kinyozi aliyasoma maneno hayo mara mbili, akamtazama nywele, akamwonyesha kwa kidole aende akanyolewe.

Akaenda, na akaendelea kwenda hata nywele zilipokuwa hazijaota. Kwenye skrini ya ukuta wa kinyozi, badala ya mpira, mama wa Mkalimani alikuwa anasimulia. Fundi alikaa kwenye kiti cha wateja akimwiga, alama kwa alama, neno kwa neno. Jioni kabla ya kufunga duka, kinyozi alimfumba macho kwa taulo na kumshika mikono, amzoeze kuongea na mtu asiyeona. Hakuna aliyemwagiza Fundi. Alijua tu kwamba kuna mzee anadaiwa maneno, na yeye ndiye aliyemzuilia.

Alimpigia kaka.

"Shemeji," kaka akasema, kwa sauti isiyo na matani. "Hapokei kwa sababu anajua akikusikia atakusamehe, na hataki kukusamehe kabla ya mzee. Njoo useme mwenyewe."

Alifika mchana wa jua kali, amevaa shati jeusi lisilo na nembo ya kampuni. Kaka alimpokea mlangoni akamwonyesha chumba. Mzee alikuwa kwenye kochi karibu na dirisha, uso ameuelekeza kwenye joto la jua. Mkalimani alikuwa amekaa kwenye mkeka anakunja nguo. Alimwona, na hakuondoka.

Fundi akapiga magoti mbele ya mzee, akamgusa bega taratibu kama alivyofundishwa. Mzee akanyoosha mikono. Fundi akaiweka juu ya mikono yake mwenyewe, akaanza, kwa hofu, taratibu.

Mimi ni fundi. Nilifunga. Nilizuia mke wako asikufikie. Kosa ni langu, si la binti yako. Naomba radhi.

Mikono ya mzee ilikakamaa. Akamwashiria: sema tena.

Fundi alidhani hakueleweka. Akasema tena, kila neno.

Tena, mzee akasema.

Mara ya tatu machozi yalikuwa yanamdondokea Fundi kwenye vidole, na alama zake zikaanza kuteleza. Akaona ni adhabu, na akaona ni haki yake. Ndipo Mkalimani akaongea, neno lake la kwanza kwake tangu siku ile chuoni.

"Hasikilizi unachosema," akasema. "Anasikiliza mkono."

Mzee alikuwa ameacha kufuata maneno. Alikuwa amekishika kidole cha mwisho cha mkono wa kulia wa Fundi, kilichopinda kuelekea ndani, anakipapasa, anakiacha, anakirudia.

"Mama alivunjika kidole hicho akiwa msichana," Mkalimani akasema, na sauti ikamkatika katikati. "Hakikunyooka tena. Kila alichosema alikisema kidole kimepinda hivyo. Hakuna mtu mwingine anayeongea hivyo, Fundi. Watu wote wanakinyoosha."

Fundi alikitazama kidole chake. Siku zote zile mbele ya skrini alidhani ndivyo lugha ilivyo. Kinyozi alikuwa ameliona kosa hilo tangu siku ya kwanza, na alikuwa ameliacha makusudi.

Mzee akacheka, sauti nzito asiyoisikia mwenyewe, huku uso umelowa. Akaongea haraka.

"Anasema usikinyooshe," Mkalimani akasema. "Anasema msamaha ameusikia tangu mara ya kwanza. Anataka hadithi. Zote. Mama alivyozisema."

"Nyingine sizijui vizuri."

"Laptopu ya kaka iko hapo. Zilitimia zote ulipofungua."

Akaiweka juu ya kiti, akaibonyeza. Mama akaonekana akiwa na miwani yake na sweta ya kijani, akainua mikono. Fundi akamtazama na kuanza kumfuata, kila alama akiipitisha kwenye viganja vya mumewe, na kila alipokwama Mkalimani alimsogezea kidole mahali pake. Kaka alisimama mlangoni na sahani mkononi, akasahau alikuwa anaipeleka wapi.

Hadithi ya kwanza ilipoisha, mzee alishusha pumzi. Akanyoosha mkono hewani kumtafuta binti yake, akampata, akamuuliza jambo kwa alama chache.

Fundi aliweza kuzisoma. Mzee aliuliza: huyu utamwacha aondoke?

Mkalimani akakiweka kiganja cha baba yake juu ya mkono wake. Hakumtazama Fundi, lakini hakuuficha mkono pia.

Hapana, akasema.